Sobantu, Askofu wa Natal

Wasomaji wa habari za Misheni ya Vyuo Vikuu walijua jina la Charles Mackenzie, askofu wake wa kwanza, aliyefariki penye mto Shire mwaka 1862. Lakini ni wachache wakumbukao ya kuwa hapo kwanza alikuwa arkidiakono katika Natal, chini ya askofu ambaye jina lake lilitia mashindano katika Kanisa zima la Kiingereza. Huyo ni John William Colenso. Tumeona vema kuyasimulia maisha yake katika kitabu hiki cha jubilei, maana walimu wetu hukutwa na maswali yale yale yaliyomkuta yeye.

Alizaliwa mwaka 1814 katika Cornwall, Uingereza. Baba yake alipata hasara katika machimbo, na kijana akasoma kwa shida. Hata hivyo mwaka 1836 akawa wa pili katika mtihani mkuu wa hesabu huko Cambridge. Vitabu vyake vya hesabu vikafundishwa katika shule nyingi.

Mwaka 1853 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Natal, na mwaka 1855 akahamia huko pamoja na mkewe Frances na watoto. Karibu na Pietermaritzburg akajenga shule na kiwanda cha kupiga chapa, akapaita Ekukhanyeni, yaani Mahali pa Nuru. Hapo ndipo Magema Fuze alipojifunza kupiga chapa, ambaye baadaye alitunga kitabu cha habari za watu wake. Askofu akajifunza Kizulu kwa bidii, akaandika sarufi na kamusi, akaifasiri Injili. Wazulu wakamwita Sobantu, Baba wa Watu.

Msaidizi wake katika kufasiri alikuwa Mzulu, jina lake William Ngidi. Walipofika katika habari za Gharika, Ngidi akamwuliza kama ni kweli ya kuwa wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili, na ya kuwa Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata na wale walao nyama. Mwulizaji hakuwa mwenye dhihaka, alitaka kujua. Askofu naye alikuwa amesoma habari za miamba, akajua ya kuwa katika Ufaransa vimo vilima vya moto vya zamani sana, vimefunikwa na majivu mepesi, ambayo maji ya gharika yangaliyachukua. Akaona hawezi kumwambia mtu yule jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini, tena kwa jina la Mungu.

Basi akavichunguza vitabu vya Musa kwa kalamu ya mwalimu wa hesabu. Wanaume wa Israeli walioandikwa ni 603,550. Wakisimama tisa tisa mbele ya mlango wa Hema, safu zao zingefika karibu maili 20. Wazaliwa wa kwanza wa kiume ni 22,273 tu, hata ingempasa kila mama kuwa na wana 40 na zaidi. Tangu mwaka 1862 akayatangaza hayo, akisema ya kuwa vitabu hivyo viliandikwa na watu wengi kwa vizazi vingi, na ya kuwa Mungu hunena na watu ndani yake, ingawa hesabu zake si za kushika neno kwa neno.

Fitina ikawaka. Askofu Robert Gray wa Cape Town alimhukumu mwaka 1863 kuondolewa katika uaskofu. Mwaka 1865 Baraza la Malkia likatamka ya kuwa hukumu hiyo haina nguvu, na mwaka 1866 Gray akamtenga na Kanisa. Mwaka 1869 akawekwa askofu wa pili katika mji ule ule, na Wakristo wakagawanyika. Hatusemi ya kuwa Colenso hakukosea. Mara nyingine aliandika kwa ukali wa mtu anayesahihisha daftari, na wanyonge wa imani wakaumia.

Lakini adui zake walitabiri ya kuwa atapoteza imani yote, na haikuwa hivyo. Mwaka 1873 serikali ya Natal ilimkamata Langalibalele, mkuu wa Wahlubi, ikamhukumu pasipo haki na kuwatawanya watu wake. Colenso akamtetea, na hapo akapoteza urafiki wa Theophilus Shepstone, rafiki wake wa miaka mingi. Mwaka 1879, Waingereza waliposhindwa Isandlwana na mji wote kutamani kisasi, alipanda mimbarani akahubiri neno la nabii Mika juu ya haki na rehema, akawakemea watu wake kwa vita walivyovianza wenyewe. Alifariki mwaka 1883, akazikwa ndani ya kanisa lake, na binti yake Harriette akaendelea kuwatetea Wazulu.

Ninyi walimu, siku moja mwanafunzi atawauliza swali la Ngidi. Msimfukuze, wala msimjibu neno msiloliamini. Mkiwa hamjui, mwambieni hamjui, kisha fungueni Kitabu msome pamoja naye. Na katika mwenendo wenu aone ya kuwa Mungu wa haki, ambaye Sobantu alimtumikia mpaka mwisho, bado anatumikiwa.