Krismasi ya Daktari Livingstone Mjini Ujiji

Wapendwa, kila ifikapo Desemba twaona picha za Krismasi zenye theluji, na wengine hudhani kwamba sikukuu hii ni ya nchi za baridi. Basi na tuyatazame maisha ya Daktari David Livingstone.

Alizaliwa Blantyre, nchi ya Scotland, mwaka 1813. Huko mwezi wa Desemba mchana ni mfupi sana, na tangu kale watu wa kaskazini walifanya karamu wakilingoja jua lirudi. Maandiko hayataja siku aliyozaliwa Bwana wetu. Kanisa la Roma liliishika tarehe 25 Desemba katika karne ya nne.

Livingstone alifika Afrika mwaka 1841, akahubiri, akaipinga biashara ya watumwa. Tarehe 23 Oktoba 1871 aliingia Ujiji mgonjwa, amekonda, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa na mtu aliyeaminiwa kuitunza. Ndipo Henry Stanley akamfikia na vyakula na dawa. Wakasafiri pamoja hata kaskazini ya ziwa, wakaona ya kuwa mto Rusizi waingia ziwani, wala hautoki.

Walirudi Ujiji katikati ya Desemba, siku zile Waislamu walipokuwa wakimaliza mfungo wa Ramadhani. Idi yao hufuata mwezi, nayo huzunguka majira yote ya mwaka.

Ikaja Krismasi. Ujiji hapana theluji. Ni wakati wa mvua, na mchana karibu ni sawa na usiku. Kondoo, samaki, mayai, maziwa na ndizi vilipatikana sokoni na kwa mzee Mwinyi Kheri, naye ni Mwislamu. Lakini mpishi aliiharibu nyama, na kitoweo kitamu kikaungua! Hata hivyo siku ile haikuacha kuwa Krismasi. Tarehe 27 wakaondoka kwa mitumbwi.

Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi iitwayo sasa Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake hata Bagamoyo, akazikwa London mwaka 1874.

Basi, ndugu, Krismasi haikai katika baridi wala katika sahani. Na jirani wa dini nyingine akituletea maziwa siku ile, tuyapokee kwa shukrani, nasi tusimsahau siku ya Idi yake.