Gainsbourg na Albamu Iliyochelewa Kusikika

Usiku mmoja hosteli, mwenzangu wa chumba alinipa spika yake moja ya sikioni. Ikaanza besi, taratibu, kama mtu anayetembea peke yake usiku wa manane, halafu sauti ya mwanamume anayeongea zaidi ya kuimba. Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu, lakini dakika 28 zilipokwisha nilitaka kujua huyu jamaa ni nani.

Ni Serge Gainsbourg. Alizaliwa Paris, Aprili 2, 1928, akaitwa Lucien Ginsburg, mtoto wa Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Baba yake alipiga piano kwenye mabaa. Wajerumani walipoiteka Ufaransa, kijana huyu alilazimishwa kuvaa nyota ya njano, na baadaye familia ikajificha mashambani kwa majina ya bandia. Ndoto yake ilikuwa uchoraji. Alijaribu kwa miaka, akaona hafiki alikotaka, akaacha brashi na kuharibu picha zake nyingi. Muziki ulianza kama kazi ya kuganga njaa tu: piano za baa, kama baba.

Albamu ya kwanza ilitoka 1958. Mwaka 1965 wimbo aliomtungia France Gall ulishinda mashindano ya Eurovision kwa niaba ya Luxembourg. Mwaka 1969 wimbo wa mahaba alioimba na mpenzi wake, mwigizaji Mwingereza Jane Birkin, ulipigwa marufuku na BBC. Marufuku ikawa kiki: ukashika namba moja hukohuko Uingereza.

Ungedhani baada ya hapo kila alichotoa kingenunuliwa. Wapi! Mwaka 1971 alitoa Histoire de Melody Nelson, nyimbo saba zinazosimulia kisa kimoja: mwanamume ndani ya Rolls-Royce anamgonga msichana wa baiskeli, anampenda, kisha ajali ya ndege inamchukua. Besi na gitaa zilirekodiwa London. Jean-Claude Vannier akapanga violini na kwaya juu yake. Birkin, akiwa mjamzito, alipigwa picha ya jalada akiziba tumbo kwa mwanasesere wa nyani. Ikauzwa kwa kusuasua. Tuseme ukweli pia: Melody ni binti mdogo na msimulizi ni mtu mzima. Niliposoma tafsiri, utamu wa besi haukunifanya nilipite hilo hivihivi.

Gainsbourg alisubiri hadi 1979 kupata albamu iliyouza sana, ya rege, aliyoirekodi Kingston na wanamuziki wa Jamaika. Alifariki Paris Machi 2, 1991, akazikwa makaburi ya Montparnasse. Melody ikaendelea kuzunguka kwa wapenda sahani za zamani, mpaka Mmarekani Beck alipotoa Sea Change mwaka 2002, na wasikilizaji wakaitambua humo ile besi na zile violini.

Hapo watu hushangilia kwamba kizuri hakifi. Sawa, lakini kizuri cha nani? Wale wapiga ala wa London hawakuandikwa majina kwenye jalada. Besi iliyonikamata mimi, kwa miaka mingi watu walibishana ni ya nani. Na kuna la zaidi. Mwaka 1964 Gainsbourg alitoa albamu ya ngoma, Gainsbourg Percussions, ambayo baadhi ya nyimbo zake zilichotwa kwa Mnigeria Babatunde Olatunji, kutoka Drums of Passion ya 1960, bila kumtaja. Yaani mtu aliyeonewa kwa kupuuzwa, naye alipuuza wengine.

Sisi hapa chuoni tukikopi asainmenti bila kutaja chanzo tunaitwa wezi, na ni haki. Msanii mkubwa akifanya hivyo, tunasema eti kapata msukumo. Mimi Melody bado naisikiliza. Nawe itafute, ila usiishie hapo: usiku huohuo tafuta na Drums of Passion, kisha umwambie mwenzako jina la Olatunji.