Kivoi na Theluji Iliyokataliwa

Uchaguzi unapokaribia huku Kitui na Makueni, huwaona walimu wenzangu, watu wa elimu na wa ibada, wakikana jambo lililo dhahiri kwa kuwa tu limesemwa na mfuasi wa chama kingine. Waliokula sahani moja hukatiana salamu. Hapo ndipo ninapomkumbuka Kivoi Mwendwa.

Kivoi alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Misafara yake ilipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa. Mwaka 1849 alimkaribisha kwake mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, akamsimulia habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake kutoka Kitui. Ndio Mlima Kenya.

Habari zilipofika Uingereza, msomi William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alizikataa. Alikuwa amekwisha kuipinga taarifa ya Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Kukubali kungalibomoa sifa aliyojijengea kwa maandishi yake. Ushahidi ulipozidi, naye alizidi kushikilia neno lake.

Hata hivyo, tusimcheke Cooley peke yake. Mwezi Agosti 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana, akiwa safarini pamoja na Krapf. Jamaa za marehemu walimgeukia mgeni, wakamlaumu kwa kutokufa pamoja na mwenyeji wake. Wauaji walikuwa mbali. Mgeni alikuwa karibu, tena hakuwa wa ukoo. Ilimbidi Krapf atoroke usiku ili aokoe maisha yake.

Msomi wa London na wafiwa wa Kitui hawakupungukiwa na akili. Mmoja aliilinda heshima yake, wengine waliulinda umoja wa ukoo. Nasi hulinda chama na dhehebu vivyo hivyo, maana apendaye chongo huiita kengeza.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu huwapa zoezi moja. Kabla ya kuikataa habari, mtu ajiulize kama angeikataa vilevile iwapo ingaletwa na mtu wa upande wake. Zoezi hilo ni gumu, na mimi mwalimu wao hulishindwa mara nyingi.