🌙 Ramadhani, siku ya 19: Sheikh Farsy na mirathi yako

 

Ile tafsiri ya Qur'ani unayoisoma baada ya alfajiri, umewahi kujiuliza aliyeiandika alikuwa anafanya kazi gani? Alikuwa mwalimu wa shule, kisha akawa kadhi. Leo tumkumbuke Sheikh Abdallah Saleh Farsy.

Alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma dini kwa masheikh wakubwa wa pale, akasomesha miaka mingi. Tafsiri yake ilitoka kidogo kidogo, mpaka Qurani Takatifu nzima ikachapishwa mwaka 1969. Mila nazo alizijua vizuri: aliandika kitabu juu ya ada za harusi za Unguja.

Mwaka 1960 akawa kadhi wa Zanzibar. Mwingereza yupo, Sultani yupo. Kadhi anaamua ndoa, talaka na mirathi. Mwizi na muuaji wana mahakama nyingine. Ukaja uhuru wa 1963, yakaja Mapinduzi ya 1964, ukaja Muungano. Serikali zilibadilika, lakini mjane na yatima walibaki na shida ileile.

Mwaka 1967 alihamia Kenya, na 1968 akawa Kadhi Mkuu. Huko mahakama za kadhi zimo ndani ya katiba tangu uhuru, ila zina mipaka: ndoa, talaka, mirathi, na pande zote wawe Waislamu. Mwaka 1972 Bunge likapitisha sheria moja ya urithi kwa raia wote. Waislamu wakaipinga, maana mafungu yameshapangwa katika Sura An-Nisaa. Sheria ikaanza kutumika 1981. Sheikh akafariki Muscat mwaka 1982, na Waislamu wakaja kutolewa kwenye sheria hiyo mwaka 1990. Hakuwahi kuliona jambo hilo likimalizika.

Sasa turudi kwako. Huku Bara hatuna mahakama ya kadhi ya serikali kama Zanzibar. Mzee akifariki, mirathi yake inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Hakimu pale, awe Mwislamu au Mkristo, ana mamlaka ya kutumia sheria ya Kiislamu au sheria ya mila. Atumie ipi? Ataangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Shamba la kakao lipo, majaruba ya mpunga yapo. Ndugu wanasema hii ni mali ya ukoo, tufuate mila. Mjane anasema mume wangu alikuwa anaswali. Na marehemu hakuacha hata karatasi moja!

Kwa sheria yetu, madeni yanalipwa kwanza, kisha wasia, usiozidi theluthi. Mjane mwenye watoto wa marehemu anapata thumni. Binti ana fungu lake, nusu ya la kaka yake. Utasema thumni ni ndogo. Sawa, lakini ni haki yake, hamuombi shemeji.

Kwa hiyo ndugu yangu, usingoje watu wabishane juu ya kaburi lako. Leo kabla ya futari chukua daftari. Andika shamba liko wapi na linapakana na nani. Andika madeni yako. Andika watoto wako wote, hata yule usiyependa kumtaja. Andika kwamba unataka mali yako igawanywe Kiislamu, na uweke mashahidi. Cheti cha ndoa kitafute, mkeo ajue kilipo.

Sheikh alitumia umri wake kutufikishia maneno yale kwa lugha tunayoielewa. Tukiyasoma kila alfajiri halafu mjane afukuzwe shambani, tumesoma nini?

Ya Allah, mrehemu Sheikh Farsy, tukubalie funga zetu, na usitujaalie kuwa wenye kula mali ya yatima. Amin.

Mtumie na kaka yako.