Mwana Kupona binti Msham: Maisha, Maradhi na Wasia

Mwana Kupona binti Msham ni jina ambalo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hulisikia mapema, pengine hata kabla ya kuusoma utendi wenyewe. Anapotajwa darasani, mjadala huelekea upesi kwenye suala moja: je, alimfunza bintiye utiifu wa kupita kiasi kwa mume? Suala hilo ni zito na linastahili kujadiliwa. Hata hivyo, limetusahaulisha jambo ambalo mtunzi mwenyewe analitaja mapema kabisa, nalo ni kwamba alikuwa mgonjwa. Maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima, na muda wote huo hakuwa amepata nafasi ya kumuusia bintiye. Makala haya yanasimulia maisha ya mtunzi huyu kwa kuanzia hapo. Hoja yetu ni kwamba ugonjwa huo si pambo la utangulizi tu, bali ndio uliouzaa utendi na kuupa umbo lake.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kwenye visiwa vya Lamu, na kuzaliwa kwake hukadiriwa kuwa karibu na mwaka wa 1810. Alikuwa angali mtoto mchanga Pate na washirika wake, Wamazrui wa Mombasa, waliposhindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, takriban mwaka wa 1812. Baada ya vita hivyo nguvu za Pate zilididimia, na mkono wa watawala wa Oman ukazidi kurefuka katika mwambao wa kaskazini. Ndani ya kisiwa hicho hicho, hata hivyo, mji wa Siu uliendelea kuwa kitovu cha elimu ya dini na kazi za mikono. Siu ilisifika kwa wanazuoni wake, kwa mafundi wa mbao na ngozi, na kwa waandishi walionakili Msahafu kwa hati za kupendeza. Hayo ndiyo mazingira yaliyomlea mwanamke aliyeweza kutunga shairi refu na kuzijua vyema kanuni za utendi.

Aliolewa na Bwana Mataka, kiongozi wa Siu, ambaye alikuwa na wake wengine kabla yake. Wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Huyu wa kike ndiye Mwana Hashima, anayeusiwa katika utendi. Bwana Mataka alikuwa mpinzani mkubwa wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na kwa miaka mingi alikataa mji wake usiwekwe chini ya bendera ya mwingine. Mwaka wa 1845 majeshi ya Seyyid Said yalipata pigo kubwa kisiwani Pate, na jemadari wao mashuhuri, Amiri Hamadi, akauawa. Ushindi huo uliimbwa na kukumbukwa. Lakini kwa mke wa kiongozi, vita vya namna hiyo vilikuwa na sura nyingine pia: kila aliyetoka nyumbani asubuhi aliweza kurudishwa jioni akiwa maiti. Mwana Kupona alizoea kuishi karibu na mauti muda mrefu kabla ya yeye mwenyewe kuugua.

Bwana Mataka alifariki takriban mwaka wa 1856. Katika utendi, mjane wake anasimulia kwa ufupi jinsi walivyoishi kwa heshima na bila ugomvi, na jinsi mumewe, saa yake ilipowadia, alivyomtolea radhi mara kwa mara. Sehemu hii hutazamwa kama ushahidi wa ndoa njema, na ndivyo ilivyo. Lakini pia ni simulizi ya mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mauti akashuhudia jinsi mtu anavyoweza kuondoka akiwa amesema la kusema. Kumbukumbu hiyo ilikuwa ingali mbichi alipofikiwa na maradhi yake mwenyewe.

Utendi ulitungwa mwaka wa 1275 wa Hijria, unaolingana na 1858. Katika Siu ya wakati huo hapakuwa na hospitali. Mgonjwa alitibiwa nyumbani kwa dawa za mitishamba, kwa hirizi na kwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwenye sahani, zikafutwa kwa maji na kunywewa. Isitoshe, kati ya mwaka wa 1858 na 1859 kipindupindu kilizuka katika mwambao wa Afrika Mashariki; Unguja na Kilwa zilipoteza watu wengi. Kipindupindu huweza kumuua mtu siku ile ile kinapomwanza. Hiyo ndiyo hofu ya zamani ya binadamu yeyote: kwamba maradhi yatabisha hodi ghafla, na ulimi utafungwa kabla wasia haujatolewa. Maradhi ya Mwana Kupona yalikuwa ya namna nyingine. Yalimtesa polepole, lakini yalimwachia akili yake, sauti yake na muda ambao hakujua urefu wake.

Alilofanya kwa muda huo ndilo linalomtofautisha na wagonjwa wengi. Alimwita bintiye, ambaye alikuwa na umri wa miaka 17 hivi, akamtaka alete wino na karatasi. Wasia angeweza kuutoa kwa mdomo, kama walivyofanya wazazi wengi. Yeye aliamua uandikwe, tena kwa vina na mizani, ili uwe mwepesi kukumbukwa na mgumu kupotea. Anaufananisha wasia huo na hirizi na pia na kidani cha lulu na marijani. Mlinganisho huu unastahili kuzingatiwa. Hirizi ni kinga ya mgonjwa, nacho kidani ni pambo la msichana anayejiandaa kwa maisha. Mama anayehitaji kinga anampa kinga mwanawe, huku akimkumbusha kwamba hakuna atakayesalia duniani.

Tukiusoma utendi kwa jicho hili, mpangilio wake unaeleweka zaidi. Mtunzi anaanza na dini, anapitia adabu na ukweli wa kauli, ndipo anapofika kwa wanaostahili radhi: Mungu, Mtume, wazazi na mume. Amri zake ni fupi na hazina maelezo mengi, kwa maana anayesema hana hakika ya kesho. Hata mafunzo juu ya mume, yaliyozua ubishi mwingi, yanatoka kwa mjane mgonjwa anayemwacha binti katika mji wenye maadui, bila baba na pengine karibuni bila mama. Katika jamii ile, ndoa ndiyo iliyokuwa ngome ya mwanamke wa hali yake. Kusema hivyo si kumtetea katika kila neno. Utendi huo ni kazi ya mwanamke wa tabaka la watawala, katika jamii iliyomiliki watumwa, na unamshauri binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Wahakiki wametofautiana pia kuhusu uzito wa utiifu unaohimizwa humo. Mwaka wa 1991 Ann Biersteker alitaka utendi huu usomwe upya, kwa kuangalia jinsi lugha yake inavyoweza kuficha kejeli na uwezo wa mwanamke. Tunaloongeza hapa ni kwamba, tusomapo kwa jicho lolote lile, tusimwondoe mgonjwa kitandani pake.

Aidha, kuna sehemu ambayo mijadala yetu huiruka. Karibu theluthi ya mwisho ya utendi si mawaidha kwa binti, bali ni dua na hatima. Mwana Kupona anamgeukia Mola wake, anajitaja kuwa mja dhaifu, anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote, na anaomba aondolewe maradhi. Hapa ndipo tunapouona ukweli wa hali yake. Mtu aliyekwisha kuandika wasia wake angedhaniwa kuwa amekata tamaa ya kuishi. Yeye hakukata. Alijiandaa kufa na papo hapo akaomba kupona, wala hakuona kwamba mawili hayo yanapingana. Jina lake mwenyewe lilikuwa ni dua hiyo hiyo.

Dua haikuleta alichokiomba. Alifariki takriban mwaka wa 1860, na inaelezwa kwamba kilichomuua ni kutokwa na damu kutokana na ugonjwa wa tumbo la uzazi. Katika muongo huo huo Siu nayo ilitiwa chini ya utawala wa Unguja, enzi ya Seyyid Majid, mwana wa Seyyid Said. Upinzani ambao Bwana Mataka aliutolea maisha yake ulizimwa. Utendi, kinyume chake, uliendelea kunakiliwa na kusomwa na wanawake wa Lamu na Pate, kama mtunzi alivyowahimiza wausome na kuuzingatia. Mwana Hashima aliishi hadi ndani ya karne ya 20. Alice Werner aliuchapisha utendi mwaka wa 1917, na mwaka wa 1934 akautoa tena kwa ushirikiano na William Hichens. Beti 102 za utendi huo zikawa sehemu ya urithi wa Kiswahili kizima.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nyumba zetu nyingi hata leo, ugonjwa mzito haunenwi. Mgonjwa hudanganywa kuwa atainuka kesho, naye huwadanganya walio wake kwamba haumwi sana. Mwisho wake huwa ni maziko, na watoto hubaki wakikisia nini ambacho marehemu angetaka. Mwana Kupona aliyataja maradhi yake waziwazi mbele ya mtoto wake, akautaja muda yaliyodumu, kisha akaendelea na kazi iliyombakia. Tunapendekeza kwamba, tunapoufundisha na kuufanyia utafiti utendi huu, dua ya mwisho isomwe pamoja na mawaidha, na siyo kuachwa kama kiambatisho cha kidini. Bila ya dua hiyo tunabaki na mwalimu mkali wa ndoa. Pamoja nayo tunampata mama aliyekuwa na hofu kama yetu, aliyetaka kuishi, na ambaye hata hivyo hakungoja apone ndipo aseme.