Rebmann wa Rabai na Theluji ya Kilimanjaro

Mie ni mtoto wa Malindi, na barafu niijuayo ni ile ya kutia kwenye sharubati. Basi tulipozuru makumbusho ya Rabai, papa hapa Kilifi, nilishangaa kusikia kwamba mtu wa kwanza kuwapasha Wazungu habari za theluji ya Kilimanjaro aliishi pale. Nyumba yake bado ipo.

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Alifika Mombasa mwaka 1846, akaungana na mmisionari mwenzake, Ludwig Krapf, huko Rabai. Aprili 1848 akafunga safari ya Uchagani, silaha yake mwavuli, kiongozi wake Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima. Alipouliza ni nini, akajibiwa kuwa ni baridi tu. Mwenyewe alikuwa amekulia kwenye theluji, akaitambua mara moja.

Sasa sikilizeni. Uchagani alisimuliwa kwamba Rengua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma kundi la watu wakauchunguze weupe ule, akitumai ni fedha. Fikirieni, watu wa migombani kupelekwa kwenye theluji! Akarudi mmoja tu, Sabaya, mikono na miguu imeharibika. Wengine walikufa, na watu wakasema ni kazi ya mapepo. Siku hizi twajua kuwa mwili ukizidiwa na baridi hupunguza damu ya vidoleni ili kuuokoa moyo, na vidole vikaganda vikafa. Tena theluji mpya ni laghai. Hufunika utelezi na nyufa, ukadhani wakanyaga ardhi kumbe hapana kitu. Penye ukingo wa mlima upepo huirundika ikachomoza nje kama upenu wa nyumba, ila upenu huu hauna nguzo.

Habari za Rebmann zilipochapishwa London mwaka 1849, bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, alizikataa katakata. Eti theluji karibu na ikweta haiwezekani, macho yamemdanganya! Hili liliniudhi kweli. Sabaya kaharibika mikono na miguu, na mtu aliyekaa kitini kwake Uingereza anabisha.

Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten walipanda hadi kama mita 4,280, usiku theluji ikawaangukia. Wengi wakasadiki. Kilele chenyewe, mita 5,895, kilifikiwa mwaka 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wakichonga ngazi kwenye barafu kwa shoka.

Rebmann hakuwahi kukipanda. Alikaa Rabai akikusanya maneno ya lugha za wenyeji. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, na macho yake yakafifia hata akapofuka kabisa. Alirudi Ulaya mwaka 1875, na safari hii kiongozi wake alikuwa Isaac Nyondo, mtu wa Rabai. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.