Siti binti Saad, Mwana wa Mfinyanzi

Wimbo wa zamani una uganga wake. Nikiwa Lodwar, safarini kwenda Kakuma, duka moja lilipiga wimbo wa Siti binti Saad. Papo hapo nikaikumbuka pia ya utotoni, nilivyoizonga uzi na kuirusha ikavuma sakafuni. Ila utoto wa Siti mwenyewe ulikuwa wa kazi.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Wazee wake walikuwa watu wa dhiki. Mama alifinyanga vyungu, naye binti akavichukua kichwani kwenda kuviuza, akinadi njiani kwa sauti iliyowasimamisha wapitao.

Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa kuimba. Taarabu ya majumba ya kifalme ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, akawaimbia wanyonge mambo yao. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, akatiwa sauti katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, Mungu amrehemu.

Mfinyanzi hulia gaeni, lakini mwana wa mfinyanzi huyu aliwalisha wengi. Vyungu vya Fumba vilivunjika zamani. Sauti yake ingali nzima.